Mke wa Kiplangat Hanywi Maziwa

Wageni walikuwa sita, na walikuja na njaa ya watu wanaojua kwamba chakula ni cha kampeni. Walikaa kwenye makochi, wakaweka kofia magotini, wakamshukuru Mungu kwa mvua, kisha wakaanza kumsifu Kiplangat. Yeye alikuwa anautaka uenyekiti wa ushirika wa maziwa wa Kabargoiyet jinsi watu wengine wanavyotaka kwenda mbinguni, isipokuwa kwamba kwa mbinguni hakuwa amewahi kujitahidi hivyo.

Aliyewaleta ni Nganga, mwuzaji wa chakula cha ng'ombe pale senta. Babake alihamia Bomet kutoka upande wa Murang'a zamani, na Nganga alizaliwa hapa, anazungumza Kikipsigis kwa ufasaha unaowatisha vijana wenyewe. Hakuwa na ng'ombe hata mmoja. Alichokuwa nacho ni stoo ya pumba na chumvi ya mifugo, pamoja na matumaini kwamba mwenyekiti mpya atakumbuka ni nani aliyemsukuma juu.

"Wacha tumwone mama wa boma," alisema mzee mmoja. "Hatuwezi kwenda bila kumsalimia mama."

Chepkosgei aliingia na birika kubwa. Chai ilikuwa nzito, maziwa matupu yaliyopitiwa na majani, maana ng'ombe alikuwa amewakamua mwenyewe asubuhi na hakuwa na sababu ya kuwabania watu. Aliwamiminia wote, akaanza na mkubwa. Kiplangat akamwambia akae, jambo ambalo hakuwahi kumwambia mbele ya wageni kwa miaka ishirini na mitatu ya ndoa. Chepkosgei akarudi jikoni, akaja na kikombe chake, akaketi kwenye kigoda karibu na mlango.

Kikombe kile kilikuwa na strungi, chai isiyo na maziwa, yenye tangawizi, nyeusi kama maji ya gogo lililooza. Nganga ndiye aliyekiona kwanza. Macho ya mfanyabiashara huwa hayapumziki.

"Mama Chelimo, kwani maziwa imeisha? Tumekumalizia?"

"Hapana, yako mengi. Mimi situmii."

"Hutumii leo?"

"Situmii."

Mzee mkubwa aliteremsha kikombe. "Kuna dawa unameza?"

"Hapana, mzee."

"Umefunga? Ni maombi?"

"Hapana. Nimeacha tu."

Katika nchi hiyo mtu anaweza kuacha pombe, akapigiwa makofi kanisani. Anaweza kuacha sigara, anaweza hata kuacha mke, na wazee wakamketisha chini wakamsikiliza. Lakini mtoto akizaliwa hupewa maziwa, harusi hufungwa kwa maziwa, mkimbiaji akitoka ng'ambo na medali hunyweshwa maziwa pale pale uwanja wa ndege. Hakuna aliyekuwa amewahi kusikia mtu mzima, mwenye akili na ng'ombe wanne, akisema ameacha.

"Wanawake na madaktari!" Kiplangat alicheka kwa sauti iliyozidi chumba. Wazee nao wakacheka, nusu nusu. Walipotoka, kila mmoja alitupa jicho kwenye zizi.

*

Kabla ya jua kutua habari ilikuwa imefika senta, na ilipofika ilikuwa imenenepa. Mke wa Kiplangat amekataa maziwa. Amekataa kwa sababu anajua kinachotiwa ndani. Wengine walisema ni maji ya mto, wengine wakasema ni ile dawa ya kuhifadhia maiti. Wale wa kanisa walisema ni dini mpya. Mama mmoja ambaye hakuwa amezungumza na Chepkosgei tangu mwaka uliopita alieleza kwa uhakika wote kwamba ni ugonjwa wa damu, na kwamba amebakisha miezi.

Ukweli ulikuwa mdogo hata kuusimulia ilikuwa aibu. Mwaka uliopita Chepkosgei alienda kliniki akiwa na presha na tumbo lililojaa moto kila alipokula. Nesi alimwambia aache nyama, mafuta na maziwa kwa miezi mitatu, aone. Nyama haikumpa kazi, kwa kuwa katika boma lile nyama iliwafikia wanawake ikiwa imebaki mifupa. Mayai yalikuwa ya kuuza. Maziwa ndiyo yaliyomsumbua wiki mbili tatu. Miezi mitatu ikaisha, tumbo likawa limenyamaza, akaamka asubuhi moja akagundua kwamba hana hamu ya kurudi. Hakurudi.

Nesi alikuwa amemwambia na jambo la pili. "Tafuta kitu cha kutuliza akili, mama."

"Kazi ninayo nyingi."

"Si kazi. Kitu ambacho hakina faida."

Chepkosgei aliwaza juma zima. Alikuwa anakamua ng'ombe wanne mara mbili kwa siku, anachuma majani chai kwenye robo ekari ya mumewe, anabeba kuni, anapika, anafua. Hakujua kitu hata kimoja kisicho na faida, labda hao wanaume waliokaa senta. Mwishowe Jerusa, mama wa Kikisii mwenye duka la nafaka pale njia panda, alimpa sindano ya kroshia na uzi uliobaki, akamwonyesha mshono wa kwanza. Tangu siku hiyo, kila saa nne asubuhi, Chepkosgei aliketi kizingitini akafuma vitambaa nusu saa. Alipanda pia maua kwenye makopo ya rangi iliyoisha, akayapanga kando ya ukuta, akawa anayatazama.

Hilo nalo lilikuwa kero. Mamake Kiplangat, ambaye boma zima lilimwita Kogo, alivumilia siku chache.

"Hivyo vitambaa unauza?"

"Hapana, mama."

"Kuna harusi?"

"Hapana."

"Sasa ni vya nini?"

"Ni vya kufuma tu."

Kogo alimtazama kama mtu anayemwona jirani akichota maji na kuyamwaga mtoni. "Saa nne," alisema. "Mwanamke mzima. Jua linamwona."

*

Mpinzani wa Kiplangat alikuwa Kipkurui, afisa wa kilimo mstaafu, mtu mkavu ambaye hakuwa na sera yoyote na alikuwa anajua hivyo. Sasa Mungu alikuwa amemletea moja. Alianza kuzunguka mashamba akiuliza swali moja: "Mtu ameshindwa kumwuzia mke wake maziwa. Yako wewe atamwuzia nani?" Watu walilirudia swali hilo kwenye kituo cha kupimia, kwenye foleni ya dawa ya kuogesha ng'ombe, hata mazishini.

Mazishini ndiko kulikuwa kubaya zaidi. Chepkosgei alienda kumzika jirani, akapanga foleni ya chakula na sahani yake, akaomba wali na kabichi. Mama aliyekuwa anapakua aliinua mwiko, akauliza kwa sauti ya kusikika hadi kwenye kaburi, "Na nyama yetu pia ina dawa?" Wanawake wakacheka wakiwa wamevaa leso za kuomboleza. Chepkosgei alikula wali wake amesimama, nyuma ya tangi la maji.

Binti yake Chelimo alirudi kutoka chuo huko Kericho, likizo fupi, akakuta boma limenuna. Alisikiliza, kisha akashika mashavu kwa furaha.

"Mum! Kumbe wewe ni vigan!"

"Ni ugonjwa?"

"Zi! Ni watu wenye hawakuli kitu ya mnyama. Nyama, maziwa, mayai, hata asali. Ni maisha. Wako wengi. Cheki."

Akamfungulia simu. Kulikuwa na msichana mzungu katika jiko jeupe lisilo na masizi, akikata ovakado kama anafanya upasuaji, akinyunyizia mbegu zenye majina ya kigeni, akisema jinsi moyo wake ulivyo mwepesi. Ovakado za aina hiyo zilikuwa zinaanguka nyuma ya nyumba ya Chepkosgei na kuliwa na mbuzi wa jirani.

"Na huyu anachekwa na nani?" Chepkosgei aliuliza.

"Hachekwi. Anafuatwa na watu milioni mbili."

"Mimi ninafuatwa na Kipkurui."

Chelimo alikuwa amemletea zawadi, pakiti ya maziwa ya mlozi kutoka duka kubwa la Kericho. Chepkosgei aligeuza pakiti, akatafuta bei, akaipata, akaketi. Kwa bei ile Jerusa angempimia ndengu za wiki nzima, na kunde juu. Alionja kijiko kimoja ili asimvunje moyo mtoto. Ilikuwa na ladha ya maji yaliyooshewa kikombe cha maziwa.

"Rudisha, mama yangu. Mimi nakula mboga zetu, managu na sageti, nakula nduma na githeri ya mahindi na maharagwe. Vyote viko hapo shambani. Hii ni ya watu wenye pesa ya kuacha vitu."

*

Kogo aliamua kumtibu. Mchana mmoja Chepkosgei alikuwa kwenye majani chai, na aliporudi alikuta Kogo amempikia mboga, jambo la ajabu peke yake. Managu ilikuwa imechemshwa vizuri, laini, ikimeta. Kogo aliketi mkabala, mikono mapajani, akangoja.

Chepkosgei aliweka tonge mdomoni. Ulimi ukajua mara moja. Mboga ilikuwa imelala na malai usiku kucha kwenye chungu, kama walivyopika wazee, kama yeye mwenyewe alivyopika miaka ishirini kabla ya hapo. Alitema kwenye kiganja.

"Hujafa," alisema Kogo.

"Sijafa, mama."

"Basi meza."

Chepkosgei aliinuka, akaenda nje, akammiminia mbwa sahani nzima. Kogo alipiga kelele kwa namna ambayo majirani watatu walitoka majumbani mwao, na jioni ile ile senta ikajua kwamba mke wa Kiplangat sasa anawapa mbwa chakula cha mama mkwe. Hapakuwa na aliyeuliza kilichokuwa ndani ya chakula hicho.

*

Siku tatu kabla ya mkutano mkuu, Nganga alikuja na mpango. Alikaa na Kiplangat chini ya paa la zizi, kwa sauti ndogo, ingawa Chepkosgei alikuwa anakamua hatua tano kutoka hapo. Walimchukulia kama mmojawapo wa ng'ombe.

"Ni rahisi, mzee. Asimame mbele ya wanachama, anywe maziwa ya mursik. Kibuyu. Mbele ya macho ya kila mtu. Kipkurui amekwisha."

"Hatakubali."

"Kwani ni wewe umemwoa ama ni yeye amekuoa?"

Hilo ndilo lililompeleka Kiplangat jikoni jioni ile. Alianza kwa upole, na upole haukumkaa vizuri.

"Mama Chelimo, ni kikombe kimoja tu."

"Tumbo langu limepoa, Baba Chelimo. Kwa nini niliamshe?"

"Ni dakika moja. Kunywa, tabasamu, rudi ukae."

"Wanakuchagua wewe ama wanachagua tumbo langu?"

Akabadilika. "Unajua kwenu Fort Ternan bado kuko. Gari za kwenda huko zipo kila siku."

"Nitapanda na miaka arobaini na saba yangu? Kaka zangu wataniweka wapi?" Alikuwa anasukuma ugali, hakugeuka. "Sema kitu kingine."

Kiplangat alivuta kigoda akaketi karibu na moto. Alipozungumza tena sauti yake ilikuwa imeshuka mahali ambapo Chepkosgei hakuwahi kuisikia.

"Wananicheka. Leo nimepita kituo cha maziwa, yule karani amenificha kicheko na daftari. Nimekaa kwa kamati ya hii ushirika miaka tisa. Wananicheka."

Alikuwa na miaka hamsini na sita, mwenye tumbo na koti la kampeni, na mdomo wake wa chini ulikuwa unatetemeka. Chepkosgei alimwonea huruma. Hakuna aliyewahi kumwonea yeye huruma kwa kuchekwa, akiwemo huyu, lakini moyo wake haukupiga hesabu hiyo wakati huo.

"Mara moja," alisema. "Kikombe kimoja."

"Kimoja, haki ya Mungu."

*

Mkutano ulifanywa uani pa ushirika, karibu na tangi la kupozea maziwa. Wanachama walikuja zaidi ya mia nne, wengi kwa sababu ya soda. Kipkurui alipewa nafasi ya kwanza kuzungumza. Alirekebisha miwani.

"Wanachama wenzangu, mimi sina maneno mengi. Mke wangu anakunywa maziwa."

Akakaa. Walicheka hadi mwenye kipaza sauti akalazimika kukizima. Ilikuwa hotuba bora kuliko zote alizotoa maishani, na haikuwa na neno hata moja juu ya maziwa yanayomwagwa kila barabara ikiharibika, wala juu ya dawa za ng'ombe, wala juu ya kitu chochote kilichowaleta watu wale pale.

Kiplangat alisimama. Naye hakugusa barabara. "Mmesikia uongo," alisema. "Sasa mtaona kwa macho. Mama Chelimo, njoo."

Chepkosgei alipita katikati ya viti akiwa na sweta yake ya kanisa. Nganga alikuja kutoka upande mwingine amebeba kibuyu kilichopambwa kwa shanga, amekinyanyua kama askofu. Kogo ndiye aliyeyagandisha maziwa hayo, kwa nia njema, na hakupunguza makali. Mursik ilimiminika kwenye kikombe kwa mabonge, nzito, yenye chembe za mkaa uliopakwa kibuyuni, na harufu yake ya ukali ikampanda puani.

Alifumba macho akanywa. Watu wakahesabu mafundo kwa sauti, "moja, mbili, tatu," kama watoto kwenye mchezo wa kamba. Alipomaliza aligeuza kikombe chini ili waone. Wanawake walipiga vigelegele. Miongoni mwao alikuwa yule wa mwiko.

"Ameonja tu!" sauti ya mwanamume ilitoka nyuma. "Aongeze!"

"Aongeze! Aongeze!"

Chepkosgei alimtazama mumewe. Kiplangat alikuwa anautazama umati, uso wake unang'aa kwa namna ambayo haukuwahi kung'aa hata siku ya harusi yao. Alichukua kibuyu kutoka kwa Nganga, akakijaza kikombe yeye mwenyewe, hadi ukingoni.

"Kunywa," alisema kwa tabasamu, midomo ikiwa haisogei. "Wanaangalia."

Akanywa.

Walipanga laini kupiga kura. Waliokuwa nyuma ya Kipkurui walikuwa mia mbili na watatu. Waliokuwa nyuma ya Kiplangat walikuwa mia mbili na kumi na wanne. Nganga alimbeba mwenyekiti mpya mabegani hatua nne, kisha mgongo ukakataa.

Chepkosgei hakuona. Alikuwa nyuma ya tangi, ameshika ukuta, anatapika. Tumbo ambalo halikuwa limeonja maziwa mwaka mzima lilikuwa limepewa vikombe viwili vya mursik kali kwenye jua la saa sita, nalo lilikuwa linajibu. Sweta ya kanisa ilikuwa imechafuka. Jerusa alimfuata na chupa ya maji, akamshika kiuno, akamfuta uso na leso yake mwenyewe.

"Pole, dada. Toa yote. Usione haya."

Kiplangat alitokea kwenye kona, jasho la ushindi shingoni. Alisimama mbali kidogo, aokoe viatu vyake.

"Umemaliza?"

"Bado," alijibu Jerusa.

"Ukimaliza pitia huku nyuma, kwa ile njia ya majani chai. Usipite mbele, watu watakuona." Alitazama nyuma yake, halafu akaongeza, "Leo si siku ya kuniangusha."

Chepkosgei aliinua uso, akamtazama mumewe kwa muda mrefu, midomo ikiwa imepauka. Kisha akanawa, akapitia njia ya nyuma kama alivyoambiwa.

*

Saa kumi jioni boma lilikuwa limejaa wafuasi. Mbuzi alikuwa amechinjwa. Kiplangat alikuwa ameketi kwenye kiti chenye mikono, na kila aliyefika alimwita mwenyekiti, na kila alipoitwa aliitika kabla neno halijaisha.

Ng'ombe walianza kulia. Saa yao ya kukamuliwa ilikuwa imefika, na ng'ombe hawana habari na uchaguzi. Walilia mara ya pili, kwa nguvu, hadi mtu aliyekuwa anatoa hotuba akanyamaza.

"Mama Chelimo!" Kiplangat aliita. "Ng'ombe wanalia!"

Chepkosgei alikuwa kizingitini, amebadilisha nguo, sindano ya kroshia mkononi. Haikuwa hata saa yake ya kufuma.

"Nawasikia."

"Sasa nani atakamua?"

"Mwenyekiti."

Alisema bila kupandisha sauti, na ndiyo sababu kila mtu alisikia. Mzee mmoja alikohoa. Nganga alianza kucheka, akaona hakuna anayemsindikiza, akatia nyama mdomoni.

"Unasema?"

"Umetaka ninywe, nimenywa. Viwili. Mimi na maziwa tumemalizana, ya kunywa na ya kukamua. Ndoo iko pale kwenye msumari, Baba Chelimo."

Na akaendelea kufuma.

*

Kiplangat alidhani ni hasira ya siku moja. Siku ya pili alimwamuru, ya tatu akamtuma Kogo, ya nne akamtuma mchungaji, ambaye alizungumza juu ya utii kwa nusu saa, akapewa githeri yenye karoti na minji, akala sahani mbili, akaondoka akiwa hajafanikisha kitu. Chepkosgei hakugomba na yeyote. Alichuma majani chai, alifagia, alifuma, alimwagilia makopo yake. Alipika chakula anachokula yeye, ndengu au kunde au nduma na mboga, na alisema mbele ya wote, "Sufuria ni hii. Anayetaka aseme." Kogo alisema, siku ya tatu, akala. Kiplangat alienda kula hotelini senta.

Kijana wa jirani aliyekamua siku hizo za kwanza alipochoka, Kiplangat alimwandika kazi Ombui, mtu mzima aliyewahi kukamua kwenye shamba kubwa upande wa Kipkelion. Ombui alikamua siku nne. Siku ya tano alimsikia Kiplangat akimfokea mbele ya watu kwamba mikono yake ni ya kuiba, akaweka ndoo chini, akaaga kwa adabu, akaenda. Vidole vya Kogo vilikuwa vimepinda kwa baridi yabisi. Ikabaki mikono ya mwenyekiti.

Miaka yote Kiplangat alikuwa ameyapeleka maziwa kituoni kwa pikipiki na kuyasikia yakisomwa kwa jina lake. Kilo kumi na nane, kumi na tisa, wakati wa mvua hadi ishirini na mbili. Hakuwa amewahi kufikiri yanatokaje huko yanakotoka. Sasa alikaa kwenye kigoda cha Chepkosgei, magoti yakigusa masikio, akivuta chuchu kama mtu anayeng'oa misumari. Ng'ombe wakambania maziwa. Mmoja alimpiga teke la paja, mwingine akaweka mguu ndani ya ndoo na kuuacha humo.

Kituoni karani alisoma mizani kwa sauti, kama alivyosomea kila mtu. "Kiplangat arap Rono. Kilo sita."

Kesho yake tena, kilo sita. Siku iliyofuata, tano na nusu. Kufikia mwisho wa wiki mwenyekiti wa ushirika wa maziwa wa Kabargoiyet alikuwa na jina jipya kuanzia njia panda hadi mtoni. Walimwita Kilo Sita. Wale wale waliompa kura walikuwa wa kwanza kuliita, kwa sababu kura walikuwa wameshampa na kicheko walikuwa nacho bado. Nganga naye alianza kupita mbali. Kiplangat alipofika stoo kuchukua chakula cha ng'ombe, Nganga alimwambia, kwa heshima kubwa, kwamba siku hizi wanalipa kwanza.

*

Jioni moja ya wiki ya tatu Kiplangat alikuja na kusimama mbele ya kizingiti. Koti la kampeni lilikuwa na mavi ya ng'ombe kwenye mkono. Chepkosgei alikuwa anahesabu mishono, akamaliza mstari kwanza.

"Wewe huwa unafanyaje?" aliuliza mumewe.

"Nini?"

"Kukamua. Yule mwekundu amenikatalia kabisa. Kiwele kimejaa lakini hashushi. Kogo anasema ulikuwa unawaambia kitu."

"Ndiyo."

"Unawaambia nini?"

"Nawaomba."

"Unamwomba ng'ombe?" Alitaka kucheka, lakini mwenyekiti alikuwa hana kicheko cha kutumia. "Ng'ombe wangu mwenyewe?"

"Ng'ombe ni wako. Maziwa ni yake. Mimi nilikuwa namwomba."

Alisimama hapo kidogo akikwaruza kidole chenye malengelenge. Kisha akarudi zizini, polepole. Chepkosgei alisikia kigoda kikivutwa, ndoo ikiwekwa. Halafu kupitia mbao za zizi ikaja sauti ya mtu anayejaribu lugha ngeni.

"Mama," ilisema sauti. "Haya. Kidogo tu." Mkia ulichapa mbao. "Tafadhali."

Sindano ilisimama. Katika miaka ishirini na mitatu Chepkosgei alikuwa amesikia mengi kutoka kwa sauti hiyo, lakini hakuwa amesikia hilo neno, na ilimbidi asubiri lirudi ili awe na hakika.

"Tafadhali, mama. Tafadhali."

Baada ya muda maziwa yakaanza kugonga chini ya ndoo, kwanza kwa vipindi, halafu kwa mfululizo. Chepkosgei alikunja kitambaa, akaingia jikoni. Ndengu zilikuwa zimeiva. Alikaanga kitunguu na nyanya, akatia dhania, akazimimina ndengu humo, akakaa na sahani yake.

Kiplangat alikuja kusimama mlangoni, ndoo mkononi, imejaa kupita nusu. Uso wake ulikuwa na majivuno kidogo. Alivuta harufu. Siku hiyo hakuwa na hela za hoteli.

"Chakula iko wapi?"

Chepkosgei alitafuna, akameza.

"Niombe vile umemwomba ng'ombe," alisema.

Kiplangat aligeuka akatazama uani, kisha barabarani, kuona kama kuna anayesikia. Hakukuwa na mtu. Hata hivyo alisimama pale, na ndoo yake, na mdomo wake ukifunguka na kufungika, mpaka sahani ya mkewe ikafika nusu.